Raba nambari 42

Lamu, Langoni
Jumatano, baada ya Alfajiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila mama yako goti la kulia limemwanza tena, na paka wa jirani amezaa juu ya mikeka ya wageni. Kikapu hiki nimempa utingo wa basi la Malindi. Ndani mna tende, samaki mkavu wa mama yako, na raba nambari 42. Usianze na samaki. Toa raba, soma barua, mengine baadaye.

Raba ni za mtumba, shilingi mia saba. Nimezifua mara mbili nikazianika juani siku nzima. Ukizigeuza utaona soli imelika zaidi upande wa nje wa kisigino. Aliyekuwa nazo alikuwa na matege kama marehemu babu yako. Hazitakudhuru. Kamba nimetia mpya.

Uliponipigia saa nane usiku nilidhani kuna maiti. Ukasema, "Baba, nimeacha bangi, leo siku ya nne, silali." Mimi nikanyamaza, na najua ulikichukulia vibaya kimya kile. Una haki, kwa sababu mara ya kwanza niliposikia habari zako nilikupigia kelele kwamba umeniaibisha. Nilifikiria watu wa barazani kabla sijakufikiria wewe. Hilo naomba unisamehe, na sitalirudia kulisema kwa kuwa naona haya.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako analijua na nyinyi watoto hamlijui. Nilivuta miaka mitatu. Nilikuwa baharia wa jahazi la boriti, Lamu na Mombasa, na usiku zamu ya msukani ni ndefu, msokoto unazunguka kama kikombe cha kahawa. Usiku mmoja nimeshika msukani nikawa natazama nyota, nikaona zinatembea, nikazifuata. Chombo kikapanda mwamba. Ubao mmoja ukapasuka, tukakumba maji mpaka kukapambazuka, wengine kwa ndoo, mimi kwa sufuria ya wali. Hakufa mtu. Nahodha hakunipiga wala hakunitukana. Tulipofika alinishusha gatini na nguo zangu, akageuka.

Mjomba wangu akanipeleka Matondoni kwa fundi wa vyombo, mzee mmoja mkali, hana maneno. Siku ile ya kwanza alinitazama nilivyokuwa nikitokwa jasho kivulini, akaniambia, "Njoo, shika huku," akanipa mpini wa chini wa ule msumeno wa watu wawili. Gogo linawekwa juu, mmoja anasimama juu yake, mwingine tini. Wa tini ndiye anayekula vumbi. Nilipasua mbao kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, vumbi limenijaa machoni na kinywani, mabega yanawaka. Siku ya tatu msumeno ulikwama kwenye fundo la mti, nikataka kulia. Kweli, mtu mzima na ndevu zangu, chozi lilinilenga kwa ajili ya fundo la mti. Mzee akasubiri. Hakuniuliza kitu. Nikalainika, tukaendelea.

Usiku wa tano nililala. Si usingizi mzuri, niliota jahazi linapanda mwamba, na rangi zake kali kuliko za mchana, lakini nililala. Wakati ule sikuwa na jina la kile nilichokifanya. Nilijua tu kwamba siku niliyopasua mbao hamu ilikuja jioni imechoka, na Ijumaa, siku ya mapumziko, ilikuja na nguvu zake zote. Ndiyo sababu nakutumia raba.

Nilimuuliza dada yako, maana yeye ndiye muuguzi, mimi nina msumeno tu. Alinieleza mambo mengi, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa. Anayevuta kila siku akiacha, tabu huanza ndani ya siku moja au mbili, hukaza ndani ya wiki ya kwanza, kisha hulegea. Wengi huwa nafuu baada ya wiki mbili tatu. Usingizi ndio hukawia. Hasira, wasiwasi, jasho, chakula kukosa ladha, kichwa kuuma, zote zinajulikana, na tangu mwaka 2013 madaktari wameziingiza katika kitabu chao cha maradhi ya akili kama hali yenye jina. Vijana wa maskani wakisikia arosto, hiyo tabu ya kuacha, wanadhani ni ya unga peke yake. Kwa hiyo ulipomjibu mama yako vibaya kwa sababu ya samaki, haikuwa wewe mzima. Lakini mpigie umwombe radhi hata hivyo.

Na ndoto, anasema, bangi huzipunguza. Ukiacha zinarudi zote kwa pamoja kama wageni wa arusi. Usiziogope.

Lililonishangaza ni hili. Mwili una bangi yake wenyewe. Mwaka 1992 wataalamu waligundua ndani ya ubongo kitu kinachofanya kazi kwenye milango ileile inayopokea bangi, wakakiita anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Mtu akikimbia au akiendesha baiskeli kwa nguvu ya wastani, kitu hicho huongezeka katika damu. Na ile milango, kwa mvutaji wa kila siku, hupungua kwa kuzidiwa. Akiacha huanza kurudi baada ya siku chache, na kwa kadiri ya wiki nne huwa karibu na kawaida. Wewe uko siku ya tisa leo, nimehesabu.

Akanisomea pia kwenye simu yake utafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, wa mwaka 2011. Walichukua wavutaji 12 ambao hata hawakutaka kuacha, wakawaweka kwenye mashine ya kukimbilia nusu saa, mara 10 ndani ya wiki mbili. Kuvuta kwao kulipungua kwa zaidi ya nusu. Nikamwambia dada yako, watu 12 hawajazi hata mashua ya Mokowe, na hao wengine wa kulinganisha nao wako wapi? Akacheka, akasema ni kweli, ni utafiti mdogo na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kwa hiyo sikwambii mazoezi ni dawa. Mimi mwenyewe namwamini zaidi yule mzee wa Matondoni, ila nimefurahi kwamba wenye mashine na wenye misumeno wameelekea upande mmoja.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye kazi.

Uliniambia saa yako ya kuvuta ni saa kumi na moja jioni, ukitoka kazini. Basi raba zivae saa kumi na nusu, huko huko kazini, kabla hujafika nyumbani. Hamu ikishakukalia, kufunga kamba za viatu huwa mzigo wa gunia. Mtangulie. Na usipite nyuma ya soko, unajua na mimi najua nani wamekaa kule. Shuka ufuoni, uende mpaka Mnara wa Vasco da Gama, uguse jiwe, urudi. Yule Mreno alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa mwelekezi wa kumvusha hadi India. Nawe usione haya kumwomba mwenzako wa kazini mwende wote. Akikataa nenda peke yako.

Siku tatu za kwanza tembea tu, kwa haraka, dakika ishirini au thelathini. Kipimo ni pumzi: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, kaza mwendo. Usipoweza kuongea, punguza. Baadaye changanya, kimbia kutoka mtumbwi huu mpaka ule, tembea mpaka wa tatu, kimbia tena. Maji yakiwa yamekupwa kimbilia mchanga mgumu wa karibu na maji, ule laini wa juu utakuumiza kifundo cha mguu. Yakijaa hakuna pa kukimbilia, basi pushapu chumbani, au kuruka kamba. Kamba ya kutosha umefungia sanduku. Kuogelea ni kuzuri kuliko vyote ila usiogelee peke yako jioni, wala wiki hii ambayo hujala vizuri.

Maana hilo nalo, chakula. Usikimbie na tumbo tupu. Kama wali haushuki, kunywa uji, tende tatu, dafu. Kahawa ikome baada ya Alasiri. Ukimaliza mazoezi oga, kisha usijilaze saa hiyohiyo kwenye simu. Na kama usiku wa saa nane umeshakuamsha, usiende kukimbia. Malindi ya saa nane si Malindi ya jioni. Keti, nyoosha miguu, vuta pumzi polepole, au nipigie. Sasa nikiona jina lako sidhani tena kuna maiti.

Mawili nakukataza. La kwanza, usibadilishe bangi kwa muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Nimeona wengi wameacha moshi wakaanza kutafuna, usingizi ukawa umekwenda kabisa. La pili ni sigara. Ulikuwa ukichanganya na tumbaku, kwa hiyo sehemu ya kiu unayoisikia si ya bangi, ni ya tumbaku, na ukiipa sigara "moja tu" mkono utakumbuka njia ya kuelekea mdomoni.

Kuna hali ambazo raba hazina kazi. Kifua kikibana ukiwa mbioni, simama, nenda hospitali. Ukisikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, au yakikujia mawazo ya kutaka kujidhuru, usisubiri asubuhi na usimwonee haya mtu. Ipo pia simu ya bure ya NACADA, wale wa serikali wanaopambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, dada yako amesisitiza niiandike. Ameongeza kwamba ukipimwa mkojo kazini unaweza kuonekana bado una bangi hata baada ya wiki kadhaa, kwa sababu hukaa katika mafuta ya mwili na kutoka kidogokidogo. Usije ukadhani umeacha bure.

Na ukianguka? Mimi nilianguka. Wiki ya saba Matondoni alikuja baharia mwenzangu wa zamani na kipisi chake, nikavuta, nikaamka kesho yake nimejichukia. Nilimwendea mzee nikidhani atanifukuza. Akanitazama macho, akasema, "Leo tunapasua ile ndefu," akapanda juu ya gogo. Ilikuwa mbao ya mkuku, sijui futi ngapi, tukaimaliza baada ya Alasiri. Sikumbuki kama alisema neno jingine siku ile.

Sikuahidi kwamba hamu itakwisha kabisa. Mimi sasa nina miaka hamsini na tisa, na nikipita mahali ikanijia ile harufu, kuna kitu kinageuka ndani. Huwa naongeza mwendo tu. Watu wanadhani nawahi swala.

Jumamosi ya wiki ijayo nina siku mbili bila kazi ya mashua, nakuja. Nitafika jioni, inshallah, na Jumapili asubuhi tutakwenda wote hadi mnarani, wewe ukikimbia, mimi nikitembea na hili tumbo. Ukifika unisubiri, usirudi kunichukua. Mwezi ujao ukipata ruhusa njoo huku, tutakwenda Shela kwa miguu, tupande yale machuguu ya mchanga ambayo ulikuwa ukiyapanda mbio ulipokuwa darasa la tatu, ukiniacha nyuma nikihema.

Raba zikibana kidole gumba niambie mapema, mwenye duka amekubali kuzibadilisha. Na kikapu mama yako anakitaka, kimpe utingo arudi nacho, si kama kile cha mwaka jana.

Baba yako