Tangazo la kipindupindu litaje ndoo, lisiishie kwenye "mazingira"

Mhariri,

Masika yakikaribia, matangazo ya kipindupindu hurudi Dar es Salaam na maneno yale yale: "Zingatia usafi wa mazingira, tumia maji safi na salama." Mama wa Tandale anayenunua maji kwa dumu afanye nini hasa? Tangazo halisemi.

Tunaomba halmashauri ziandike kwa vipimo vya vyombo vilivyomo majumbani. Kidonge cha klorini kilichoandikwa lita 20 ni cha ndoo kubwa moja au dumu moja. Maji yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana tope huimaliza dawa kabla haijaua vijidudu. Kisha tia kidonge, koroga, funika, subiri dakika 30. Kidonge hicho kikitiwa kwenye ndoo ya lita 10, maji yananuka dawa, yanamwagwa, na uvumi kwamba "wanatuwekea sumu" unaanzia hapo hapo bombani.

Pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, nayo ina mkasa wake. Ile ya lita moja ikikorogwa kwenye chupa moja ya soda, chumvi inazidi, na kwa mtoto anayeharisha hiyo ni hatari. Semeni "chupa mbili za maji za nusu lita, zijae." Chupa hizo zimezagaa kila kijiwe. Maji ya ORS yakibaki baada ya saa 24, yamwagwe.

Gari la matangazo likipita saa 4 asubuhi, wapagazi na mama lishe walishaondoka alfajiri. Aliyebaki nyumbani, kwa mwendo ule, anaambulia nusu sentensi. Lipite jioni, na lisimame. Bango nalo lisiachwe kwa mwenye nyumba. Wapangaji wa vyumba kumi hawataliona. Libandikwe mlangoni pa choo, ambako kila mmoja atafika tu.

Kwa viziwi, kipaza sauti ni kazi bure. Watengenezewe video fupi ya lugha ya alama, mikono ya mkalimani ionekane yote, asibanwe kwenye kona ya skrini.

Na kabla ya kuchapa mabango, wapelekeeni rasimu watu sita au saba wa mtaa husika. Msiulize "Mmeelewa?" Watajibu ndiyo kwa adabu tu. Mpeni mtu ndoo na kidonge, mwombeni aoneshe. Atakapokwama, sentensi hiyo iandikwe upya, hata kama imeshagongwa mihuri ya ofisi tatu.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii,
Temeke, Dar es Salaam