Wifi, hilo kufuli la uani lifungue

Wifi yangu,

Assalaam alaykum. Kaka kanipigia juzi usiku, akazungukaaa, salio likakaribia kwisha ndipo akalisema: mtoto mmeambiwa ana usonji, hali ya ubongo aliyozaliwa nayo, ile waiitayo autism, na wewe tangu siku hiyo umetia kufuli mlango wa uani na wageni huwapokei. Sikulaumu. Mimi nilifanya hayo hayo miaka minne, na kupungwa pepo nikampeleka, na makombe ya aya akanywa. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua hukutia kufuli peke yako.

Wangu alikuwa na miaka minane alipojua kuifungua komeo. Siku ya bamvua, mwezi mpevu, na Jambiani unaijua bahari inavyokwenda mbali siku hizo. Nilikuwa nasali adhuhuri. Kutoa salamu, mlango wazi. Tukamtafuta madukani, msikitini, skuli, vichochoroni, saa nzima, na saa nzima hiyo maji yanajaa. Vijana wa barazani walimwona akipita. Walimwita, hakuitika, wakasema huyu mtoto hana adabu. Wangejuaje? Nilimficha mimi. Wengine hata jina lake hawakulijua.

Aliyempata ni mama mmoja anayelima mwani baharini. Alimkuta maji yamemfika kiunoni, anashika kigingi kimoja kimoja cha shamba la watu, anahesabu. Akamwita mara mbili, kimya. Hakumvuta. Alisimama ubavuni pake, akasikiliza kafika ngapi, kisha akaendelea naye: mia na kumi na mbili, mia na kumi na tatu, ila yeye akawa anachagua vigingi vya upande wa nchi kavu. Walitoka majini wanahesabu. Mimi niliyemzaa ningemshika mkono nikamburura, naye angenichopoka.

Kwa hiyo wako akitoweka, Mungu apishe mbali, wewe anzia majini. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na kati ya wale wanaotoka nyumbani kimya kimya, kinachowaua zaidi ni kuzama. Bahari, kisima, pipa la maji ya mvua, bwawa la hoteli. Dukani mtume mtu mwengine. Na mfundisheni kuogelea mapema, mimi nilichelewa.

Baada ya siku ile nilimshika mkono nikaenda naye barazani. Nikawaambia: huyu ni mwanangu, akiitwa haitiki, si kiburi, msimguse kwa nyuma, mkimwona anaelekea pwani, hesabuni naye mkimrudisha. Walicheka. Wiki ya pili wakamleta nyumbani, hesabu yao imefika themanini na kitu. Nikaenda kwa muuza duka, kwa utingo wa gari, kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa. Aibu iliniishia njiani, kama kiatu kilichokatika mkanda.

La pili ni zito, nimelikawiza sana. Alipofika miaka kumi na mitatu, vijana wawili, mmoja wa ukoo wetu, walikuwa wakimwita kwenye gofu la jengo lililobomoka nyuma ya nyumba. Wanamwambia vua, anavua. Wanampiga picha kwa simu. Unajua kwa nini alivua? Kwa sababu mimi nilimfundisha kwamba mkubwa akisema, unafanya. Nilikuwa namsifu mbele ya wageni: mwanangu mtiifu, hana neno. Wazee wakaja na muhali wao, tumalizane wenyewe, msiwaharibie vijana maisha. Nikanyamaza miezi miwili. Ile saa ya bahari nimejisamehe. Miezi hiyo miwili bado.

Mwishowe nilikwenda kwa sheha, na kutoka hapo polisi, dawati la jinsia na watoto. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto tangu 2011, na mtoto wako yumo ndani yake sawa na mwengine. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, iandike ukutani. Hospitali ya Mnazi Mmoja kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri unawakuta pahala pamoja. Usimkogeshe mtoto kwanza, wala usizifue nguo zake. Hili hakuna aliyeniambia mimi.

Kisha nikaanza kumfundisha kusema sitaki. Jikoni, kama mchezo: nipe kiatu chako. Sitaki. Njoo huku. Sitaki. Wiki ya kwanza akakataa mpaka kuoga, akakataa mpaka mkate wa kumimina anaoupenda, na mama mkwe akaniuliza kama nimerogwa. Nikavumilia. Viungo vya mwili navyo nikamtajia kwa majina yake, si mafumbo yetu ya kanga, kwani fumbo halielewi. Ukimwambia "kitu chako" atakuonesha kofia.

Sasa ana miaka kumi na tisa. Kabla ya kuandika nilimuuliza kama niyatoe haya. Kasema ya vigingi niandike yote. Ya gofu niandike, lakini nisitaje rangi ya shati alilokuwa nalo. Sikuitaja.

Mje likizo. Mkipanda boti Mkoani, mzibe masikio mtoto kabla honi haijalia, na mkae nyuma penye upepo. Mwanangu kashasikia kwamba Pemba nako mnalima mwani, na kila jioni ananiuliza mna vigingi vingapi. Nimemwambia nitakuuliza.

Wifi yako, Jambiani