Shukrani kwa yule mama wa foleni kwa daktari wa mifugo, Mombasa

Jamani naomba hii imfikie yule mama wa buibui tuliyekaa naye foleni kwa daktari wa mifugo. Mama, jina sikukuuliza ila fadhila yako naiona kila siku. Nilikuwa na yule paka mzee niliyemchukua sokoni Kongowea, miguu ya nyuma imepooza, tumbo limejaa, analia tu, na watu wananambia mdunge sindano apumzike. Wewe ukauliza, anakojoa? Ndo ukanishika mkono ukanionyesha kibofu kilipo, kama chungwa dogo hivi, na vile ya kukiminya polepole mpaka mkojo utoke wote, asubuhi mchana na usiku, maana ukikaa ndani unamletea maradhi ya figo. Ukanambia pia nimbadilishie tandiko asitoke vidonda, na panadol nisimpe kamwe hata robo, kwa paka ni sumu, na hilo wengi hawalijui wallahi. Sasa akisikia harufu ya dagaa anajiburuta mwenyewe hadi jikoni, anakula vizuri na manyoya yanang'aa. Mungu akupe afya na umri mama yangu, na wale paka wako vipofu wa kwenye kikapu nawasalimia sana.