Mnyoo mliyemwandika amemzuia mtoto kumeza dawa

Mhariri,

Gazeti lenu nimelipata limefungia pweza. Muuza pweza wa jioni hapa Mikindani hanunui karatasi za duka. Anachukua kwa wakala magazeti yaliyobaki, kwa kilo, kwa hiyo habari za taifa hutufikia baadhi yetu zikiwa na pilipili na ndimu. Ukurasa ulionidondokea mimi ulikuwa na kichwa cha herufi kubwa: MINYOO WALETA TIBA YA MISULI. Chini yake picha ya minyoo wa tumboni, wale weupe wanene, wamejazana kwenye chupa. Nilisoma huku nikila, nikacheka, nikautupa. Ningeishia hapo kama jirani yangu asingekuwa na ukurasa huohuo, wa kwake ukiwa safi, ametumiwa na kaka yake aliye Dar es Salaam, umekunjwa mara nne ndani ya pochi.

Jirani huyu ana mtoto wa kiume, yuko darasa la tatu. Akiinuka kutoka mkekani hainuki kama wenzake. Kwanza anageuka kifudifudi, anaweka viganja chini, ananyoosha miguu matako yakiwa juu, halafu anashika magoti na kupandisha mikono kidogo kidogo juu ya mapaja yake mwenyewe mpaka asimame, kama anayekwea mnazi na mnazi wenyewe ni yeye. Vigimbi vyake vimejaa, watu walikuwa wakimsifu atakuja kuwa beki. Baadaye wakasema amerogwa. Daktari alisema ni ugonjwa wa Duchenne, kudhoofika kwa misuli kunakotokana na jeni.

Mama yake alikuja kwangu jioni, mie nimekaa barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akafungua pochi, akanipa gazeti. "Kesho shuleni wanagawa dawa za minyoo. Nimemwambia asimeze. Gazeti linasema minyoo wanatibu misuli, sasa mimi niwaue?"

Sikumcheka, Mhariri. Hoja yake ilikuwa imenyooka kuliko habari yenu. Ukimwambia mzazi kwamba mnyoo ni tiba, ukamwekea na picha ya mnyoo aliyemwona kwa macho yake kwenye choo cha mtoto, atafanya nini zaidi ya hicho alichofanya?

Mnyoo wanayemtumia watafiti hajapata kukaa tumboni mwa mtu. Jina lake ni Caenorhabditis elegans. Urefu wake ni kama milimita moja, mwili wake unapitisha mwanga, na makao yake ni matunda na mabua yanayooza, anakokula bakteria. Ni wa jamii ya minyoo mviringo kama walivyo askarisi (wale weupe wa kwenye picha yenu) na safura, ndiyo, lakini na paka ni jamii moja na simba, na sijaona gazeti linaloweka picha ya simba kwenye habari ya paka.

Nilifundisha Baiolojia miaka 31 katika mkoa huu. Msimu wa korosho nilikuwa nawaletea wanafunzi mabibo yaliyooza. Unakamua tone moja kwenye kioo, unaliweka chini ya hadubini (tulikuwa nayo moja, na lenzi yake ina ufa), unangoja macho yazoee. Mara kiuzi kinajikunja huku, kinajikunja kule. Sikuwadanganya kwamba ndiye elegans mwenyewe, maana kwenye uozo kuna minyoo wadogo wa kila namna. Msichana mmoja akachungulia muda mrefu, akasema, "Mwalimu, anaandika S halafu anaifuta." Mpaka leo sijasikia maelezo ya mwendo wa mnyoo yanayoyapita hayo. Mkuu wa shule yeye aliuliza tu kwa nini maabara inanuka uraka, ile pombe ya mabibo.

S hiyo ni kazi ya misuli. Elegans mzima ana seli 959 za mwili, na 95 kati yake ni misuli ya ukuta wa mwili, imepangwa safu nne toka kichwani hadi mkiani. Upande mmoja unakaza, wa pili unalegea, kisha vinabadilishana. Ndani ya kila seli mna nyuzi nene za protini iitwayo miosini na nyuzi nyembamba za aktini, kama zilivyo kwenye paja langu na lako.

Msuli unapokaza, uzi haufupiki. Njoo ufukweni kwetu siku mashua inapandishwa mchangani, uitazame mikono. Vijana kumi wameshika kamba. Kila mmoja anavuta, anaachia, anashika mbele, anavuta tena. Hawaachii wote kwa mara moja, la sivyo chombo kinarudi majini. Kamba haijapungua hata inchi, ila mashua imepanda. Miosini ina vichwa vinavyofanya hivyo juu ya aktini. Kalsiamu ndiyo inayotoa sauti ya "haya, vuta!", na kila mkono unapoachia unadai chembe moja ya ATP, nishati ya seli. ATP ikiisha mikono haiachii tena. Wauza samaki wanalijua hilo bila kemia yoyote: samaki aliyekufa hukakamaa kwanza, akilegea ujue muda umepita.

Habari ya nyuzi kuteleza ilichapishwa mwaka 1954, na hapo mnyoo hakuhitajika, walitumia misuli ya chura na ya sungura. Mnyoo aliitwa kujibu swali jingine: kila protini kwenye mtambo ule inatokana na jeni gani, na jeni hilo likiharibika kinatokea nini.

Aliyemwita ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, mtoto wa fundi viatu asiyejua kusoma. Akiwa Cambridge miaka ya 1960 alianza kuwatia minyoo hawa kemikali inayovuruga jeni, kisha akawasaka katika vizazi vilivyofuata wale wenye mwendo mbovu. Matokeo aliyatoa 1974. Majeni ya mwendo mbovu yakapewa jina unc, kila moja na namba yake. Namba 54, unc-54, ikaonekana ndiyo yenye maelekezo ya miosini.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye utamu na ndipo mwandishi wenu aliporuka. Kwa nini mnyoo? Panya ukimpooza misuli hawezi kunyonya wala kupumua. Kesho yake una mzoga, huna utafiti. Mnyoo mwenye unc-54 mbovu amelala kwenye kisahani kama tambi iliyopitiliza kuiva. Lakini koo lake linatumia miosini nyingine, kwa hiyo anaendelea kumeza bakteria palepale alipo. Dume hahitaji, kwani mbegu na mayai vyote anavyo mwilini mwake. Hata kutaga kunamshinda, misuli ya kusukuma yai haina nguvu. Watoto wanaanguliwa ndani yake na kutoka kwa kumla mama yao. Ni kifo kibaya, sikatai. Ila ukoo wa waliopooza unaendelea, kisahani kwa kisahani, na mtafiti ana muda wote anaoutaka wa kuangalia msuli usio na miosini yake kuu. Mwaka 1983 mpangilio kamili wa jeni hilo ukachapishwa.

Jeni jingine ni unc-22. Likiharibika, mnyoo anatetemeka mwili mzima, hatulii. Protini yake ni jamaa ya titini, ile inayofanya kazi kama springi ndani ya misuli yetu, na mwilini mwa binadamu hakuna protini inayojulikana iliyo kubwa kuishinda titini. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello waliugeuza mtetemo huo kuwa kengele: walidunga RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni) ya nyuzi mbili inayolingana na unc-22, watoto wa mnyoo wakatoka wanatetemeka, wakajua jeni limezimwa. Hawa walipewa Nobel mwaka 2006. Dawa ya kwanza ya binadamu iliyojengwa juu ya njia hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2018. Piga hesabu, ni miaka ishirini, na dawa yenyewe ni ya ugonjwa mwingine unaoharibu neva. Haimhusu mtoto wa jirani yangu.

Anachokosa yeye ni protini iitwayo distrofini. Nirudi kwenye mashua: distrofini ni kifungo kinachoshikiza kamba kwenye ubavu wa chombo. Kisipokuwepo, kila mvuto unapasua ubavu kidogo, na anayevuta sana ndiye anayejiumiza. Jeni lake liko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana anayo moja tu, ndiyo sababu wagonjwa ni wavulana karibu wote. Elegans naye ana jeni la distrofini. Likiharibiwa anapindisha kichwa kupita kiasi, na akiongezewa kasoro nyingine ya pili misuli yake inachakaa. Kwa kuwa anakua toka yai hadi mtu mzima kwa siku kama tatu, watafiti wanaweza kujaribisha dawa nyingi juu yake kwa muda mfupi. Mojawapo iliyopunguza uchakavu ule ni prednisoni, ambayo madaktari walikuwa tayari wanawapa wavulana hawa ili kupunguza kasi ya ugonjwa. Kupunguza kasi, Mhariri. Neno "tiba" mmeliweka ninyi.

Na dawa ya minyoo aliyokatazwa mtoto? Albendazoli humshika mnyoo kwenye protini yake ya tubulini, na jeni linaloamua kama dawa itashika au itateleza lilitambuliwa kwa elegans huyuhuyu wa kwenye uozo. Levamisoli, wanayonyweshwa mbuzi, inakaza misuli ya mnyoo mpaka anakakamaa, hawezi tena kujishikilia utumboni, anatoka na mavi. Namna inavyofanya hivyo ilichambuliwa kwa elegans waliogoma kukakamaa. Kwa hiyo kama kuna neno la kweli la kumwambia mama yule kuhusu mnyoo wa watafiti, ni kwamba amesaidia sana kuwaua ndugu zake.

Nilimweleza hivyo, bila tubulini. Alinisikiliza kimya, akakunja gazeti kwenye mikunjo ileile. Kilichomuuma hakikuwa dawa ya minyoo. "Kwa hiyo haipo," akasema, na hilo sikuwa na namna ya kulizungusha. Kesho yake tulimpigia daktari wa mtoto, kisha tukaenda pamoja shuleni kabla mwalimu wa afya hajafunga boksi. Mtoto alitafuna kidonge, akakunja uso, akaniuliza kama na yule mnyoo anayeandika S atakufa. Nilimwambia yule haishi tumboni, anaishi kwenye mabibo. Akaridhika.

Ninachotaka kwenu ni masahihisho. Yawekwe ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, wala si kona ya chini karibu na matangazo ya vifo. Yaseme kwamba hakuna mnyoo anayetibu misuli ya mtu, kwamba picha ile ilikuwa ya askarisi na haikuhusika, na kwamba watoto wameze dawa za shuleni kama wanavyoelekezwa. Na siku hiyo msihangaike kama gazeti halikununuliwa huku kwetu. Wakala atauza yaliyobaki kwa kilo, muuza pweza atayachukua, tutasoma.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara