Mbuzi wa shukrani wa baba mkwe, na sura ya 6 ya Walawi

Mpendwa mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Naomba usitaje jina langu wala la kijiji. Nimeolewa Uchagani, na katika usharika wetu wa Kilutheri naongoza kipindi cha Biblia cha akina mama. Mwaka huu tumesoma Walawi sura kwa sura, kitabu ambacho wengi hukiruka, na kwa sababu hiyo familia imenitwisha mzigo ambao sijui niutue wapi.

Baba mkwe aliugua sana, akafanyiwa upasuaji, Mungu akamwinua. Desemba, watoto wote tukipanda nyumbani, anataka kuchinja mbuzi, mchungaji aombe, majirani wale, Mungu ashukuriwe. Shemeji yangu, ambaye anasali kanisa jingine huko Dar es Salaam, ameandika kwenye kundi la familia kwamba damu ya huyo mbuzi itaamsha madhabahu za mizimu. Anasema dawa ya magonjwa ya ukoo wetu ni kila nyumba itoe laki tano iwe "sadaka ya kuteketezwa", apeleke kanisani kwake laana ivunjwe. Upande wa pili yupo babu mmoja anayetaka damu kidogo na mbege, pombe yetu ya ndizi, vimwagwe migombani walikozikwa wazee. Mume wangu kaniambia, "Mama watoto, wewe ndiye unayejua Walawi, siku hiyo utatufundisha."

La babu haliniumizi kichwa. Nitamsomea kwa heshima 1 Wakorintho 10, kwamba hatuwezi kula meza mbili, hata kama neno hilo ni gumu kwa mtu wa umri wake.

La shemeji linaniuma kwa sababu limevikwa maneno ya Biblia. Katika Walawi 1 mtu analeta mnyama dume asiye na kilema, anaweka mkono juu ya kichwa chake, anamchinja. Makuhani wananyunyiza damu pande zote za madhabahu, kisha nyama yote inapandishwa motoni. Kuhani hapati hata mnofu. Sura ya 7 inampa ngozi peke yake. Sasa hela iliyotiwa kwenye bahasha ikaenda kutumika, imeteketezwaje? Na hiki kiwango kimoja kwa nyumba zote kimetoka wapi? Sura ya 5 inasema asiyeweza kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na akikosa hata hao, alete unga, sehemu ya kumi ya efa, kipimo chao cha nafaka, bila mafuta wala ubani, naye atasamehewa. Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, Luka anataja sadaka ya ndege wawili tu. Wifi yangu ni mjane, anauza mboga sokoni. Hiyo laki tano ataikopa vikoba, na riba ataibeba peke yake. Siwezi kulinyamazia jambo hilo.

Kuhusu mbuzi mwenyewe, mimi naona hana kosa. Kumbukumbu la Torati 12 iliwaruhusu Waisraeli waliokaa mbali na madhabahu wachinje mijini kwao na kula, mradi damu waimwage chini kama maji. Kwa hiyo kuchinja si lazima kuwe kafara. Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, na sisi Wakristo tunaamini, kama Waebrania 10 inavyofundisha, kwamba Kristo alijitoa mara moja tu, basi. Kila tunapokaribia Chakula cha Bwana tunamwimbia Mwana-Kondoo wa Mungu aichukuaye dhambi ya ulimwengu. Mbuzi wa baba hamwongezei chochote.

Ila kuna sadaka moja ya Israeli iliyonigusa kuliko zote tulipoisoma, ile ya amani. Mafuta yaliteketezwa kwa Bwana, kidari na paja la kulia vikawa vya makuhani, nyama iliyobaki mwenyewe aliila na watu wake. Ikiwa ni ya shukrani, ililiwa siku ileile, isilale mpaka asubuhi. Nani amalize fahali kwa siku moja? Lazima uite watu, na maskini wa jirani ashibe. Akina mama wa kwetu walilielewa hili mara moja, maana Uchagani mnyama akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe, na ukimsahau mwenye fungu lake utalisikia kwa miaka. Naamini shukrani ya baba inaweza kuwa ya namna hiyo, ibada inayoishia sahanini kwa watu.

Sasa nakuja nilipokwama.

Usiku mmoja nikimuuguza hospitalini, baba mkwe alinishika mkono akaniambia jambo. Mpaka wa kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, na cha mdogo wake ni mstari wa masale, mimea tunayoipanda mipakani. Zamani, mdogo wake akiwa kazini mbali, yeye aliyang'oa yale masale akayapanda upya ndani ya shamba la mwenzake, akajipatia safu mbili za migomba. Aliporudi walizozana, baba akakana. Hadi leo baba mdogo hupita getini bila salamu. Wote wawili wanashiriki Meza ya Bwana katika kanisa moja, mabenchi tofauti.

Walawi 6 inamtaja kabisa mtu wa namna hii, aliyemdhulumu mwenzake kisha akakana. Arudishe mali yote, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe, ndipo alete kondoo dume kwa kuhani. Yesu naye kasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Nimejiuliza sana kuhusu ibada zetu. Tunaungama kila Jumapili, tunatoa bahasha, tunaleta kuku na ndizi zinapigwa mnada nje baada ya ibada, na hakuna anayetuuliza kama cha mtu kimerudi. Nikifundisha ukoo mzima habari za sadaka ya shukrani nikairuka sura ya 6, huku najua yaliyo moyoni mwa mwenye mbuzi, nitakuwa nimelificha Neno. Na kama ukoo wetu una ugonjwa, nadhani uko pale kwenye masale kuliko kwenye mizimu.

Lakini mzee alinieleza kwa siri, mume wangu hajui. Mimi ni mkwe, na mambo ya kihamba mwanamke aliyeolewa hayasemi mbele ya wanaume wa ukoo. Wazee wa kwetu walikuwa wakishika jani la sale wanapoomba msamaha, na ninatamani baba alishike aende kwa mdogo wake kabla ya Desemba. Je, nimwambie mimi mwenyewe, tukiwa wawili, na Biblia mkononi? Au nimwombe ruhusa nimhusishe mchungaji? Akikataa, nisimame kufundisha siku ile au nikatae? Na shemeji nimjibu wapi, kwenye kundi au pembeni, ili wifi asiende kukopa?

Mkwe, Kilimanjaro