Bendera ilikuwa moja

Mwanangu,

Nikikupigia unasema, "Nitakurudia, shangazi." Basi nakuandikia hapa, pengine na wengine wenye wazee waliovaa magwanda ya Marekani watapata la kushika.

Kwanza hela, maana ina ukomo. Baba yako hakufa kwa jeraha wala ugonjwa wa jeshini, kwa hiyo posho ya mazishi hudaiwa ndani ya miaka 2 tangu siku ya kuzika. Kwa kuwa alikuwa akilipwa fidia ya masikio, VA, idara ya Marekani inayohudumia waliowahi kuwa wanajeshi, humlipa mjane aliyemo kwenye kumbukumbu zao hata bila maombi. Kama mama yako hajaona kitu, jaza fomu 21P-530EZ. Usingoje waje kukuuliza.

Jiwe la kaburi halina ukomo. Ni bure, na hulitoa kwa kaburi lolote duniani, hata hili la Sengerema tulilokwisha kulipiga vigae, kwa sababu amefariki baada ya Novemba 1, 1990. Fomu ni 40-1330. Ambatisha nakala ya DD 214, ile hati yake ya kuondoka jeshini, siyo halisi; hawairudishi. Jina liwe lile la jeshini. Lile la utani tulilomwitia nyumbani usilitie kwenye nafasi ya jina.

Ukifika kwenye aina ya jiwe, tulia. Marumaru ya kusimama ina kilo 100 na ushee, nani ataibeba toka barabarani? Shaba ni nyepesi, kama kilo 8, lakini unajua wanunua vyuma chakavu walivyo huku, haitamaliza masika. Chagua graniti ya kulala: sentimeta 61 kwa 30, unene 10, kilo 59 hivi. Vijana wawili wanaibeba. Kuiweka ni juu yetu, VA hailipi fundi wala zege. Na usiandike sanduku la posta, hawapeleki huko. Andika mimi ndiye mpokeaji, na simu yangu, na anwani ya makazi: barabara, namba ya nyumba, postikodi. Hapo ndipo maombi ya watu wa huku hukwama.

Sasa bendera ya Marekani, ile iliyofunika jeneza la baba yako.

Vijana walikuwa wameshashika kamba. Bibi yako ameweka kiganja juu ya zile nyota, upande wa kichwa, anamsemesha mwanawe. Ukaivuta. Hukumgusa bega, hukusema "bibi, samahani". Uliivuta kama mtu anayeanua nguo mvua inakuja, mkono wake ukabaki juu ya mbao tupu. Watu wa Sengerema waliona, na mimi niliona.

Kwa sheria ulikuwa sahihi, nakubali mbele za watu. Haishushwi kaburini, haigusi ardhi, na hutolewa moja tu. Ikipotea hakuna ya pili. Mjane ndiye wa kwanza, kisha watoto. Lakini sheria za huko huko, tangu mwaka 2000, inawapa familia wanajeshi wawili wa kuikunja na kuikabidhi kwa heshima wakiombwa. Mngeomba kabla ya mwili kupanda ndege, pasingekuwa na kuvutana. Mtasema ni sisi tuliowakimbiza. Kweli, nilipiga simu kila asubuhi. Najua pia kwamba huko Houston, Marekani, angelazwa kwenye makaburi ya taifa bila kulipia kaburi, kuchimba wala jiwe, na mama yako angekuwa na nafasi yake pale siku ikifika. Nauli ya mwili kuja hapa VA haikutoa. Ilitoka kwenye michango. Mtu ana mama mzima, mngetaka amzike kwenye simu?

Bibi yako mazishi ya askari anayoyajua ni ya Kaboya, kule Muleba walikolala mashujaa wa Vita vya Kagera. Hajui cha mjane kwanza.

Kuna cheti cha kumbukumbu chenye saini ya Rais wa Marekani, kilichoanzishwa na Kennedy mwaka 1962. Hiki si kimoja kama bendera. Ndugu kadhaa wanaweza kupewa, kila mmoja chake. Fomu 40-0247, nakala ya DD 214 na cheti cha kifo. Omba viwili, cha bibi na cha mama yako, asije akasema tena tumemnyang'anya.

DD 214 ipige picha unitumie WhatsApp leo. Fundi nimeshaongea naye. Bibi jana ameuliza bendera iko wapi. Nikamwambia mnayo, mmeikunja vizuri.

Shangazi yako