Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: na sisi tushuke Isimila

Mheshimiwa Waziri,

Yah: NJIA YA VITI MWENDO KATIKA KORONGO LA ISIMILA

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Iringa, na natumia kiti mwendo. Nafundisha Zama za Mawe, somo ambalo darasa lake bora liko kilomita 20 hivi kutoka mjini, kando ya barabara ya Mbeya. Tukifika, wanafunzi hushuka korongoni na mwongozaji. Mimi hubaki juu kwenye makumbusho.

Vijana hujitolea kunibeba. Nakataa. Mwalimu aliyebebwa mgongoni hafundishi, anamwomba Mungu asidondoke.

Makumbusho si mabaya, ila zana iliyowekwa kwenye kabati naweza kuiona hata Dar es Salaam. Uzito wa Isimila uko chini kule, ambako mashoka ya mkono ya mawe yamelala ardhini tangu miaka inayokadiriwa kuwa 260,000 iliyopita. Mwanaakiolojia Clark Howell na wenzake walipochimba mwaka 1957 na 1958, walikuta pia mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Mtoto akiviona vitu hivyo mahali pake, anaelewa kwamba watu walikaa hapa, Iringa hii hii. Na ziko zile nguzo za mawe zilizochongwa na maji na upepo, ambazo wageni huzipiga picha kuliko kitu kingine chochote.

Sheria tunayo, ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja makumbusho, huduma za utalii na maeneo ya kumbukumbu. Sitarefusha hapo.

Wataalamu wa mambo ya kale wana hofu yao, na ni ya haki. Kule Athens, Ugiriki, kwenye magofu ya kale ya Acropolis, mwaka 2020 waliweka lifti mpya na kumwaga zege kwenye njia. Lifti ilisifiwa, zege likazua ugomvi mkubwa. Mimi zege Isimila silitaki. Udongo ule unaliwa na maji kila msimu, na zege lingeyakusanya na kuyaelekeza pabaya. Ninachoomba ni njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, inayoweza kufumuliwa na kurekebishwa, ifike kwenye zana basi. Kwenye nguzo za mawe tutengenezewe sehemu ya kutazamia juu ukingoni.

Mteremko ndio wenye kazi. Kipimo kinachokubalika ni mita 12 za njia kwa kila mita moja ya kushuka. Kina cha mita 10 kinadai njia ya mita 120, yenye kona na vituo vya kupumzikia. Atakayekuchorea njia fupi ya mkato, Mheshimiwa, huyo hajawahi kusukuma kiti. Choo chenye mlango mpana nacho kiingie kwenye bajeti hiyo hiyo, kisisubiri awamu ya pili. Awamu ya pili tunaijua.

Naomba mhandisi aje kupima kabla mvua za Novemba hazijaanza, na siku hiyo niitwe. Kiti changu kina upana wa sentimita 65, apimie hicho.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa historia, Iringa